Episodi Unayoikumbuka Nusu: Mapitio ya Huduma za Kusakia Vichekesho vya Zamani vya Televisheni

Lifti imekwama katikati ya ghorofa mbili. Ndani mna watu wachache wasiojuana, mmoja wao ni mjamzito, uchungu unamshika, na mtoto anazaliwa humo humo fundi akiwa bado hajafika. Ni mfululizo gani wa vichekesho, na episodi gani?

Swali hili ni kipimo kizuri kwa huduma yoyote inayodai kuweza kukutafutia kipindi cha zamani, kwa sababu lina majibu mawili na yote ni ya kweli. La kwanza ni "The Elevator Story" ya All in the Family, iliyorushwa Marekani tarehe 1 Januari 1972. Archie Bunker, mhusika mkuu, amenaswa ndani ya lifti pamoja na mke na mume wa Puerto Rico na Mmarekani mweusi mtanashati mwenye Kiingereza cha kifahari. La pili ni "Earthquake!" ya Saved by the Bell, mwaka 1992. Humo mna tetemeko la ardhi, wanafunzi wa sekondari, na mke wa mkuu wa shule anayejifungulia kwenye lifti. Kuna na lifti ya tatu ambayo haina uzazi wowote, ile ya The Dick Van Dyke Show ya mwaka 1964, ambamo mume na mke wakuu, Rob na Laura, wamekwama na jambazi aliyeigizwa na Don Rickles. Mtu aliyeziona zote utotoni anaweza kuzichanganya zikawa moja, kisha akasaka kwa miaka episodi ya jambazi anayezalisha, ambayo haijawahi kutengenezwa.

Mapitio haya yanahusu huduma ambazo wengi huzikimbilia: Wikipedia, IMDb (hifadhidata ya filamu na televisheni), hazina za maandishi ya chini ya skrini, YouTube, roboti za akili unde, na BBC Genome (ratiba za zamani za BBC) kwa wapenzi wa vichekesho vya Uingereza. Kila moja imehifadhi tabaka lake. Wikipedia ina muhtasari wa kisa, IMDb ina majina ya watu, maandishi ya chini yana maneno yaliyotamkwa, Genome ina ratiba. Wanaokwama mara nyingi wanapeleka sura kwenye huduma ya maneno, au maneno kwenye huduma ya ratiba.

Kwanza punguza misimu

Kabla ya kufungua ukurasa wowote, tumia mabadiliko ya waigizaji. Hiki ndicho kisu kikali kuliko vyote, na hakihitaji bando.

The Fresh Prince of Bel-Air ilirushwa na NBC kuanzia 1990 hadi 1996, misimu 6, episodi 148. Ukimkumbuka Aunt Viv, mama wa nyumba ile, akiigizwa na Janet Hubert, umebakiwa na misimu 3 ya mwanzo, episodi 73. Ukimkumbuka Daphne Maxwell Reid, ni misimu 3 ya mwisho. Na kama Nicky, kitinda mimba, ni mtoto anayetembea na kujibu watu, yaani Ross Bagley, basi ni msimu wa 5 au wa 6 tu, episodi 49. Kumbukumbu moja ya uso imekata theluthi mbili za kazi.

Family Matters nayo ina alama zake. Judy, binti mdogo wa Winslow, anatoweka baada ya msimu wa 4 bila mtu kumuuliza. Stefan Urquelle, yaani jirani msumbufu Steve Urkel aliyegeuzwa mtanashati, hakuwepo kabla ya Novemba 1993, msimu wa 5. Good Times, kama baba James Evans yuko hai, ni misimu 3 ya mwanzo, maana taarifa ya kifo chake inafungua msimu wa 4 mwaka 1976. Ukimwona Janet Jackson akiwa Penny, ni msimu wa 5 au 6. Cheers: Coach yuko misimu 3 ya mwanzo na Woody anaanza wa 4. Diane ni hadi wa 5 na Rebecca kuanzia wa 6, ila Diane alirudi kwenye episodi ya mwisho mwaka 1993, na huo ni mtego. Bewitched: Darrin wa Dick York ni 1964 hadi 1969, wa Dick Sargent ni hadi 1972, na misimu 2 ya kwanza haikuwa ya rangi.

Mind Your Language, ambayo mashabiki wake wamejaa kutoka India hadi Kenya, ina kichujio kizuri zaidi na cha huzuni. Ilikuwa na episodi 29 kati ya 1977 na 1979, kisha ikafufuliwa kwa episodi nyingine 13 mwaka 1986. Dino Shafeek aliyekuwa Ali Nadim, na Tommy Godfrey aliyekuwa mtunza shule Sidney, wote wawili walifariki 1984. Kwa hiyo mmoja wao akiwemo katika kumbukumbu yako, episodi za 1986 zitupe nje mara moja.

Wikipedia: anza hapa, lakini si kwenye ukurasa unaoudhania

Wikipedia ya Kiingereza ndiyo huduma ya bure yenye faida kubwa kwa muda mdogo, na karibu kila anayeilalamikia anaitumia vibaya. Kosa liko hapa: mtu anafungua ukurasa wa orodha ya episodi zote, anabonyeza Ctrl+F, anaandika neno lake, hapati kitu, anaondoka. Mfululizo ukishakuwa na kurasa za msimu mmoja mmoja, ukurasa wa orodha kuu huonyesha jina, tarehe, mwandishi na mwongozaji peke yake. Muhtasari wa kisa umebaki kwenye kurasa za misimu. Hakuna tangazo linalokuambia hivyo. Unaona jedwali limejaa, unaamini umetafuta kote.

Basi fungua msimu mmoja mmoja. Kwa mfululizo wa misimu 9 kama All in the Family au Family Matters hiyo ni kurasa 9, na kama umeshapunguza kwa waigizaji zitakuwa 2 au 3. Kwenye simu sehemu za ukurasa huweza kuwa zimekunjwa. Zikunjue kwanza, la sivyo utafutaji unaweza kuzipita.

Neno la kutafuta lichague kwa akili ya mwandishi wa muhtasari, si kwa akili ya mtazamaji. Mwandishi anaandika kiini cha kisa kwa sentensi mbili tatu. Hawezi kutaja keki iliyoangukia kapeti, hata kama keki ndiyo yote unayoikumbuka wewe. Jiulize keki ilikuwa ya nini. Kama ilikuwa ya harusi, tafuta harusi. Kama ilikuwa ya kumpendeza bosi aliyealikwa chakula cha jioni, tafuta bosi. Andika mzizi wa neno badala ya neno zima: "pregnan" hunasa umbo la sifa na la nomino kwa pamoja. Na kumbuka Wamarekani huandika elevator na Waingereza lift, hivyo neno sahihi kwenye mfululizo usio wake halitakupa kitu.

Udhaifu wa Wikipedia ni kwamba ubora unategemea wapenzi wa mfululizo husika. Baadhi ya misimu ina muhtasari mrefu, mingine mistari mitupu. Hadithi ndogo ya pembeni, ile inayokwenda sambamba na kisa kikuu, mara nyingi huachwa kabisa, ilhali ndiyo yenye vichekesho ambavyo watoto hukumbuka. Pamoja na hayo, kwa mtu anayekumbuka kisa, hakuna mahali pengine pa kuanzia.

IMDb: kwa sura, si kwa kisa

IMDb ilianza 1990 kama orodha za mashabiki na ikanunuliwa na Amazon mwaka 1998. Sifa yake hadi leo ni majina. Ukiwa unakumbuka uso wa mgeni aliyekuja mara moja, hapa ndipo mahali pake.

Chukua mfano huu. Mtu anakumbuka kisa cha kutisha cha Diff'rent Strokes chenye duka la baiskeli, na anachokumbuka hasa ni kwamba mwenye duka alikuwa yule bosi mpole wa kituo cha redio katika WKRP in Cincinnati. Bosi yule ni Gordon Jump. Fungua ukurasa wake, shuka hadi Diff'rent Strokes, gusa idadi ya episodi, na "The Bicycle Man" inatokea, sehemu mbili za Februari 1983. Hujahitaji kujua jina la episodi wala msimu.

Njia hii ndiyo pekee inayotatua kero ya wahusika wanaohama. Wengi wanaapa kwamba Urkel aliwahi kumfariji msichana mdogo mwenye miwani mipya, na wanaipekua Family Matters yote bila mafanikio. Haimo, kwa sababu ni Full House, "Stephanie Gets Framed", 1991. Ukurasa wa Jaleel White, aliyemwigiza Urkel, unakuonyesha kwa mguso mmoja. Vivyo hivyo anayekumbuka George na Louise Jefferson wakikagua jumba la kununua asihangaike na The Jeffersons. Hiyo ni episodi ya mwisho ya The Fresh Prince, "I, Done", Mei 1996, na wale wa Diff'rent Strokes nao wanapita mle mle.

Kwa utafutaji wa kina, nenda kwenye sehemu ya utafutaji wa kina wa majina ya kazi (Advanced Title Search), chagua aina iwe episodi ya televisheni, weka miaka ya mwanzo na mwisho, kisha ingiza majina mawili ya waigizaji kwa pamoja. Ukiacha aina bila kuichagua, utapewa mifululizo mizima na filamu, na utafikiri huduma haijui episodi.

Yanayokwenda kombo ni matatu. Muhtasari wa kisa kwa episodi za zamani mara nyingi ni sentensi moja, tena ya kuuza, hivyo kutafuta kisa humu ni kujichosha. La pili, orodha ya waigizaji wakuu huweza kumtaja mtu katika episodi ambayo hakuonekana kabisa, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye utangulizi. Usimwondoe wala kumthibitisha mhusika kwa orodha hiyo peke yake. La tatu, wageni wadogo ambao majina yao hayakuandikwa mwishoni mwa kipindi wanaweza kukosekana. Yule mhudumu wa mgahawa aliyesema sentensi moja iliyokuchekesha, usimtegemee kumpata.

Maandishi ya chini ya skrini: huduma wanayoisahau

Kama unachokumbuka ni maneno, hata mawili tu, hakuna kinachoshinda faili za maandishi ya chini. Hazina kama OpenSubtitles zina faili hizo kwa mifululizo mingi iliyowahi kutoka kwenye DVD au huduma za kutiririsha. Faili ya episodi ya dakika 22 ina uzito wa kilobaiti 30 hivi. Msimu mzima ni mwepesi kuliko picha moja ya simu, na ukilinganisha na kutazama video, ambazo kila moja hula makumi ya megabaiti hata kwa ubora wa chini, hesabu inajieleza.

Namna ya kufanya: pakua faili za .srt za misimu uliyobakiwa nayo, ziweke kwenye folda moja, kisha tafuta ndani ya zote kwa mpigo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na uandike findstr /s /i "elevator" *.srt. Kwenye Mac au Linux ni grep -ri "elevator" ikifuatwa na nukta. Asiyependa amri atumie Notepad++, Ctrl+Shift+F, achague folda. Utapewa jina la faili na mstari wenyewe. Ukiufungua utaona juu yake saa, dakika na sekunde, kwa hiyo ukienda kuthibitisha kwenye video unaruka moja kwa moja hadi dakika ya tukio.

Panapoharibika ni hapa. Sentensi ndefu hukatwa katika mistari miwili, na utafutaji wa mstari mmoja hauoni maneno yaliyotenganishwa. Kwa hiyo usiandike sentensi nzima uliyoikariri. Andika neno moja adimu, au mawili yaliyoshikana. Faili zilizonakiliwa kutoka DVD kwa mashine ya kusoma picha huchanganya herufi I kubwa na l ndogo, hivyo neno lenye herufi hizo linaweza kukuponyoka, chagua jingine. Alama ya mkato wa juu, kama katika don't, nayo ina maumbo mawili, ikwepe. Na maandishi ya chini hayasemi kinachoonekana. Mtu akianguka kimya hadi wasikilizaji wakapasuka kwa kicheko, faili haina habari naye.

Kwa The Simpsons kuna kitu cha raha zaidi, Frinkiac, iliyoanza 2016. Unaandika maneno, inakuletea picha ya skrini iliyoyabeba pamoja na namba ya episodi. Waliohusika wakatengeneza na Morbotron kwa Futurama. Ni bahati mbaya tu kwamba hakuna aliyefanya hivyo kwa Sanford and Son.

Tahadhari ya nyimbo ni ya pekee. Mtu anayekumbuka wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye tukio asitarajie kuukuta. WKRP in Cincinnati ni mfano mashuhuri: nyimbo zilizosikika 1978 hadi 1982 zilibadilishwa baadaye katika marudio na matoleo ya nyumbani kwa sababu ya haki za muziki. Unaweza kuwa unaitazama episodi yenyewe na ukaikataa kwa sababu redio inapiga kitu kingine.

YouTube

Ni nzuri kwa kuthibitisha, dhaifu kwa kusaka. Vipande vya kuchekesha hupandishwa kwa vichwa vya kuvutia visivyotaja episodi. Namba za msimu kwenye video za watu binafsi hukosewa mara kwa mara. Baadhi ya video hugeuzwa kushoto kulia, kukatwa kingo au kuharakishwa ili zisikamatwe na mitambo ya hakimiliki, hivyo kama unakumbuka mlango ulikuwa kulia kwa kochi, usiutumie kukataa video. Kwenye kompyuta unaweza kufungua nakala ya maneno chini ya maelezo na kutafuta ndani yake, lakini yale yaliyoandikwa na mashine huyumba panapokuwa na kicheko cha wasikilizaji juu ya sauti, yaani kila baada ya sekunde chache.

Jihadhari pia na episodi za mkusanyiko, ambamo wahusika wanakaa sebuleni wakikumbushana mambo na tunaonyeshwa vipande vya zamani. Tukio lako limo, lakini asili yake ni episodi nyingine. Dalili ni kwamba nywele au urefu wa watoto hubadilika ghafla kati ya sebule na tukio.

Roboti za akili unde

Zina nguvu moja ambayo hakuna nyingine inayo: unaweza kueleza kwa Kiswahili, kwa fujo, bila kujua jina la mfululizo, na zikakupa pa kuanzia. Kwa maelezo mapana kama kijana anayeachwa tena na baba yake aliyerudi baada ya miaka mingi, kisha akamlilia mjomba, kuna uwezekano mkubwa wa kutajiwa "Papa's Got a Brand New Excuse" ya The Fresh Prince, Mei 1994, maana imeandikwa kila mahali.

Tatizo ni episodi ambazo hazijaandikwa sana. Hapo roboti haikai kimya. Inaunganisha jina halisi la mfululizo, jina la episodi halisi ya msimu mwingine, na kisa kilichotungwa kufuata maneno yako mwenyewe. Jibu linasomeka vizuri kwa sababu limetengenezwa kutokana na ulichosema. Mtego mkubwa zaidi ni kukubali: ukiiambia ulikumbuka jambazi ndani ya lifti ya Archie Bunker, inaweza kumweka humo bila pingamizi.

Tumia hivi. Omba wagombea watatu, kila mmoja na jambo moja linalomtofautisha na mwenzake. Usitaje mfululizo unaoushuku katika swali la kwanza. Kila jina la episodi ulilopewa lipeleke kwenye ukurasa wa msimu wa Wikipedia. Lisipokuwemo, achana nalo hata kama maelezo yamekukaa moyoni. Namba za msimu na episodi zipuuze kabisa katika hatua hii.

Namba hizo, kwa kweli, ni chanzo cha ugomvi hata bila roboti. Kuna mpangilio wa kurushwa, wa kutengenezwa na wa DVD, na episodi ya saa nzima huhesabiwa moja hapa na mbili kule. TheTVDB, hifadhidata ya mifululizo ya televisheni, hukuonyesha mpangilio wa kurushwa na wa DVD kando kando, na kwa kazi hiyo moja inastahili kuwekwa alama. Ukimwelekeza mtu, mtajie jina la episodi na tarehe iliyorushwa mara ya kwanza.

BBC Genome na vichekesho vya Uingereza

Genome ilifunguliwa 2014. Ni ratiba za gazeti la Radio Times kuanzia 1923 hadi 2009, bure, zinazotafutika. Kwa kazi za BBC ni hazina. Andika jina la mfululizo, panga kwa tarehe, na utaona siku na saa ya kila marudio, jambo ambalo Wikipedia na IMDb hazina. Kama unajua ulikuwa Uingereza likizo ya Agosti 1984, unaweza kubakiwa na episodi tano sita zilizorushwa wiki zile.

Ila usitafute kilele cha kichekesho humo. Maelezo ya ratiba huandikwa kabla ya kurushwa na kazi yake ni kukuvuta, si kukusimulia. Taa ya kioo inayoanguka katika Only Fools and Horses ("A Touch of Glass", Desemba 1982) au Del Boy anayeanguka kwenye baa ("Yuppy Love", Januari 1989) ni matukio ambayo mwandishi wa ratiba hana sababu ya kuyafichua. Ratiba pia ni mpango: mechi ikirefuka, kipindi kilisogea au kufutwa, na gazeti lilikuwa limeshachapwa.

Na ni BBC peke yake. Mind Your Language ilitengenezwa na London Weekend Television kwa ajili ya ITV, mshindani wa BBC, hivyo anayeisaka kwenye Genome anapoteza muda. Mfululizo huo una ugumu wa ziada, kwamba majina ya episodi zake, mfano "A Point of Honour" au "Take Your Pick", hayakuambii kisa. Kwa huo, kwa kuwa episodi za awali ni 29 tu, kusoma muhtasari wote mfululizo ni haraka kuliko kutafuta kwa neno.

Kabla ya kukata tamaa na kazi ya Uingereza ya miaka ya 1960, angalia kama kanda yenyewe ipo. BBC ilikuwa ikifuta na kuzitumia tena kanda zake. Dad's Army bado ina episodi 3 za msimu wa 2, mwaka 1969, ambazo picha zake hazijapatikana. Kutokuwepo kwenye huduma ya kutiririsha nako si ushahidi: "The Germans" ya Fawlty Towers iliondolewa kwa muda na kampuni ya televisheni ya UKTV Juni 2020 kisha ikarudishwa na onyo mwanzoni.

Kwa aliyetazamia Afrika Mashariki

Huduma zote hapo juu zinatoa tarehe ya Marekani au Uingereza. Mwaka ulioitazama wewe unakupa ukomo wa juu tu: episodi haiwezi kuwa mpya kuliko siku uliyoiona, lakini inaweza kuwa ya zamani kwa miaka kumi. Historia ya vituo inasaidia kurekebisha kumbukumbu. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na KTN ikaongezeka 1990. Zanzibar ilianza 1973, tena kwa rangi. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994, hivyo anayesema aliitazama Dodoma mwaka 1985 alikuwa mbele ya kanda ya video. Kanda ilimaanisha episodi chache zilizorudiwa rudiwa, mara nyingi bila mpangilio, na mara nyingine mifululizo miwili kwenye kanda moja. Hapo ndipo mhusika wa huyu anapoingia kwenye sebule ya yule.

Marudio yaliyouzwa kwa vituo nayo hukatwa ili kupisha matangazo. Episodi ya miaka ya 1970 iliyokuwa na dakika 25 hivi hupoteza dakika kadhaa, na kinachoondoka kwanza ni tukio la kabla ya utangulizi na lile dogo la mwisho. Kama tukio lako lilikuwa mojawapo ya hayo, tafuta toleo la DVD.

Kwa vichekesho vyetu wenyewe, Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC, karibu zana zote hizi zinaanguka. Kwenye IMDb na Wikipedia utapata jina la mfululizo na waigizaji wakuu, kama Benson Wanjau aliyekuwa Mzee Ojwang' na aliyefariki 2015, lakini si muhtasari wa episodi moja moja wala maandishi ya chini. Kinachobaki ni YouTube, na huko vichwa huandikwa upya na anayepandisha. Kwa Vioja tafuta kwa kosa la mshtakiwa, si kwa kichekesho: wizi wa kuku, pombe haramu, kugombea shamba, pamoja na jina la mhusika aliye kizimbani. Kwa Vitimbi tafuta kwa mgeni aliyekuja nyumbani au kwenye hoteli, maana ndiye anayeanzisha vurugu. Soma na maoni yaliyo chini ya video, kwa kuwa watazamaji huandika dakika ya tukio wanalolipenda. Ukiipata, ihifadhi kiungo pamoja na sentensi mbili za kisa, kwani video hizo hufutwa na kupandishwa tena kwa jina jingine.